Kubadilisha Jengo Chakavu la Shule kwa Ajili ya Usalama wa Tetemeko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya kamati za shule, walimu wakuu, watendaji wa kata na vijiji, na wazazi wa Dodoma, Singida na maeneo jirani ambao shule zao zinatarajia kubomoa majengo chakavu na kujenga mapya. Maswali ni yale yanayorudiwa katika mikutano ya wazazi na vikao vya maendeleo ya kata. Majibu hayachukui nafasi ya mhandisi, bali yanamsaidia mwananchi kujua amuulize mhandisi jambo gani, na akague nini fundi akiwa bado kazini.

## Misingi

1. Je, ni kweli kwamba Dodoma iko katika eneo la matetemeko?

Ndiyo. Mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa hauishii Manyara. Unaendelea kusini kupitia upande wa Hanang na Kondoa hadi Milima ya Chenene na bonde la Bahi, na katika njia hiyo miamba imekatika kwa mistari mirefu ambayo wanajiolojia wameichora kwenye ramani, mmojawapo ukiitwa kwa jina la Mto Bubu. Novemba 2002 tetemeko lenye ukubwa wa 5.5 lilitikisa Dodoma. Tukitazama mbali kidogo, Mbulu ilipata tetemeko la ukubwa wa 6.4 Mei 1964, na eneo la Rukwa lilipata la 7.4 Desemba 1910, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika Mashariki.

Kazi ya kupima na kutoa taarifa za matetemeko nchini hufanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma. Halmashauri inayotaka kujua hali ya eneo la shule fulani haina haja ya kwenda mbali.

2. Matetemeko yetu si makubwa kama ya Japani. Kuna sababu gani ya kuyahofia?

Anayeua watu ni jengo linaloanguka, na jengo dhaifu halisubiri tetemeko kubwa. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, ambalo Japani lingeweza kupita bila kuangusha shule hata moja. Kwetu watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliathirika kiasi cha kufungwa. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Kila mzazi na ajiulize ingekuwaje kama ingekuwa Jumatatu saa nne asubuhi, madarasa ya msingi ya mkoa mzima yakiwa yamejaa.

Mfano mwingine unatufaa zaidi kwa kuwa unahusu jengo moja tu. Tarehe 31 Oktoba 2002, siku chache kabla ya tetemeko la Dodoma la mwaka huo huo, tetemeko lisilofika ukubwa wa 6 lilipiga mji mdogo wa San Giuliano di Puglia nchini Italia. Shule iliporomoka, watoto 27 na mwalimu wao wakafa, na hao ndio waliokuwa karibu vifo vyote vya mji ule. Jengo lilikuwa la zamani, na juu ya kuta zake dhaifu kulikuwa kumeongezwa ghorofa lenye zege zito. Waliolifanya jambo hilo walidhani wanaiboresha shule.

3. Je, hakuna chombo kinachoweza kututahadharisha mapema?

Hapana. Hakuna nchi yoyote duniani inayoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe unaosambazwa kwenye simu ukidai kwamba tetemeko lingine litapiga usiku wa leo ni uongo, hata ukitaja jina la taasisi inayoheshimika. Kinachowezekana ni kujua maeneo yenye uwezekano wa kutikisika, kisha kujenga ipasavyo.

4. Kwa nini shule zitangulie kabla ya majengo mengine ya umma?

Sheria inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Jamii inayomlazimisha mtoto kukaa ndani ya chumba fulani saa sita au saba kwa siku imebeba wajibu wa chumba hicho. Tena idadi ya watu ni kubwa: kiwango cha darasa la msingi ni wanafunzi 45, na wote tunajua ni mara ngapi kiwango hicho huvukwa. Aidha, baada ya maafa shule ndiyo mahali wanapohifadhiwa waathirika, kwa hiyo kuanguka kwake ni hasara mara mbili.

## Kulitambua jengo lenye hatari

5. Madarasa yetu yalijengwa miaka ya 1970 na hayajawahi kuanguka. Yana tatizo gani?

Madarasa mengi ya kanda hii yalijengwa kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipoamua kwamba kila mtoto aende shule. Wananchi walichoma matofali, wakabeba maji na mawe, na kazi yao inastahili heshima. Lakini mara nyingi tofali liliunganishwa kwa udongo au kwa saruji kidogo mno, msingi ulikuwa wa mawe yasiyofungwa, na juu ya madirisha paliwekwa ubao au kipande kifupi cha zege ambacho hakikuzunguka jengo. Jengo la namna hiyo hubeba uzito wa paa lake miaka hamsini bila shida kwa sababu uzito hushuka chini wima. Tetemeko husukuma kwa ubavu, na kwa ubavu kuta hizo hazina kitu cha kuzishikamanisha.

Mchwa huongeza tatizo. Mbao za kenchi zilizoliwa kwa ndani huonekana nzima kwa nje, na mara nyingi ndizo pekee zinazozuia ukuta mrefu usilale.

6. Je, kila ufa ukutani unaonyesha hatari ya tetemeko?

Hapana, na Dodoma suala hili linahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo jengo lililosimama juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Ufa unaotanuka kiangazi na kujifunga masika umetokana na udongo. Ufa mwembamba wa juu juu kwenye lipu mara nyingi ni wa lipu tu.

Nyufa za kumwita mhandisi bila kuchelewa ni hizi: ule unaopanda wima kwenye kona, ambapo kuta mbili zinaanza kuachana na mwanga unapenya, ule unaotoka pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, hasa ukikutana na mwenzake na kufanya alama ya msalaba, na ukuta uliotoka tumbo, ambao ukisimama mwisho wake na kuutazama kwa kuufuata unaonekana umejikunja. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa, upige picha ukiwa na rula pembeni, kisha urudie baada ya miezi michache. Kumbukumbu hiyo ina nguvu kuliko maelezo ya mdomo. Kupaka lipu na rangi juu ya nyufa hizi ni kumnyima mhandisi ushahidi, na kwa mtazamo wangu ni jambo baya zaidi kuliko kuziacha wazi.

7. Nani ana mamlaka ya kusema kwamba jengo halifai?

Kwa shule za serikali, hatua ya kwanza ni barua ya mwalimu mkuu na kamati ya shule kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mtendaji wa kata, ikiomba mhandisi wa halmashauri afanye ukaguzi. Wathibiti ubora wa shule nao huandika hali ya majengo katika taarifa zao. Halmashauri inaweza kuomba msaada wa Wakala wa Majengo Tanzania pale ambapo jengo ni kubwa au uamuzi ni mgumu. Muhimu ni kwamba majibu yawe ya maandishi na yataje vyumba kimoja kimoja, kwa sababu kauli ya mdomo kwamba jengo ni chakavu haimpi mtu yeyote uwezo wa kutenga bajeti wala kufunga chumba.

8. Tukarabati au tubomoe?

Jengo la matofali mazuri yaliyounganishwa kwa saruji, lenye msingi usiotikisika, linaweza kuimarishwa. Mkanda wa zege huongezwa juu ya kuta baada ya kuezua, wavu wa chuma hufungwa kwenye kona pande zote mbili za ukuta na kupigwa lipu nzito ya saruji, na kuta ndefu huongezewa nguzo. Jengo lililounganishwa kwa udongo, au ambalo msingi wake umeshuka, kwa kawaida halistahili gharama hiyo, kwa kuwa kila ulichokiongeza kitakuwa kimeshika kitu kisichoshikika.

Kuna kishawishi cha kubadilisha bati tu na kuiita kazi hiyo ukarabati. Bati jipya huzuia mvua, lakini halibadilishi chochote kuhusu tetemeko.

## Jengo jipya

9. Je, jengo jipya halitakuwa salama kwa sababu tu ni jipya?

Hapana, na hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mjumbe wa kamati alikumbuke hata akisahau mengine yote. Kilichoangusha majengo ya zamani ni kukosa kufungwa, na jengo la mwaka huu lisilofungwa litaanguka vile vile. Wakati wa tetemeko kila ukuta huvutwa upande wake. Kona hupasuka, ukuta mrefu hulala nje, na paa hubaki halina pa kukaa.

Kinachozizuia kuta zisiachane ni mikanda ya zege yenye nondo inayozunguka jengo zima, hasa ule wa usawa wa lenta, yaani juu tu ya milango na madirisha, na ule wa juu chini ya paa, pamoja na nondo za wima zinazotoka kwenye msingi na kupanda kwenye kila kona. Mkanda hufanya kazi ya kamba inayofunga mzigo wa kuni: ikikatika mahali pamoja tu, mzigo wote humwagika. Kwa hiyo lenta inayowekwa juu ya dirisha na kuishia sentimita ishirini upande huu na upande ule hulishikilia dirisha tu, haiufungi ukuta. Vitu hivi vyote vikishamwagiwa zege na kupigwa lipu havionekani tena. Shule mbili zinaweza kufanana kwa rangi, bati na madirisha, moja ikasimama na nyingine ikaua.

10. Je, mikanda na nondo za kona zitaongeza gharama kiasi gani?

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Mzunguko wake ni mita 32. Mkanda mmoja wenye nondo nne za milimita 12 unahitaji mita 128 za nondo, na kwa kuwa nondo inauzwa ikiwa na urefu wa mita 12, hizo ni nondo 11, au 13 hivi ukihesabu sehemu za kupishanisha. Ongeza ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo hizo nne pamoja), zege na mbao za kumwagia. Kamati ikipeleka idadi hiyo kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuuliza bei ya siku, kisha ikailinganisha na gharama ya chumba kizima, itaona kwamba kinachoongezeka ni sehemu ndogo. Kwa kumbukumbu, vyumba vya madarasa vilivyojengwa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 mwaka 2021 vilitengewa shilingi milioni 20 kila kimoja.

Michoro mingi inayotumika tayari ina mkanda wa lenta. Mara nyingi kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba mkanda ulioko kwenye mchoro ndio utakaokuwa ukutani.

11. Nondo za kona zinatakiwa zionekane vipi kabla ya kumwagiwa zege?

Nenda kwenye kona na uitazame kwa karibu. Nondo za ukuta mmoja zisiishie pale zinapokutana na za ukuta wa pili. Zinatakiwa zipinde kona na kuendelea takriban sentimita 60 zikiwa zimelala sambamba na zile za upande wa pili na kufungwa kwa waya. Nondo mbili zilizokutana ncha kwa ncha hazijaungana, hata fundi akisema zege litazishika.

Kisha angalia ringi. Ncha zake mbili zinatakiwa zipinde kuelekea ndani, katikati ya zege, zisiishie kwa pembe mraba pembeni mwa nondo. Jengo likitikisika, zege la nje humeguka na ringi yenye ncha za pembe mraba hufunguka. Ile iliyopinda kuingia ndani huendelea kushika. Kuikunja vizuri kunamchukua fundi sekunde chache zaidi kwa kila ringi, na hakugharimu shilingi hata moja ya nondo.

Mwisho, ingiza vidole kati ya nondo na ubao. Pasipokuwa na nafasi ya kutosha zege kupita chini na pembeni, nondo itabaki nje na kuanza kula kutu.

12. Dodoma kuna joto na tunataka madirisha makubwa. Je, kuna ubaya?

Kuna mpaka. Ukuta hubeba nguvu za ubavu kwa sehemu zake zilizojaa, si kwa matundu. Kanuni inayokubalika kwa majengo ya chini yasiyo na ghorofa ni kwamba jumla ya upana wa milango na madirisha isizidi nusu ya urefu wa ukuta, na tundu la kwanza likae mbali na kona kwa sentimita 60 au zaidi. Madirisha manne ya wastani yaliyopangwa vizuri, yakitazamana na mengine upande wa pili, hupitisha hewa vizuri kuliko matundu mawili makubwa. Baraza lenye kivuli husaidia joto bila kudhoofisha ukuta.

Ukuta mrefu unaozidi kama mita 6 bila kukutana na ukuta mwingine uongezewe nguzo katikati, iliyofungwa na mikanda yote.

13. Pembetatu za matofali juu ya kuta za mwisho zina hatari gani?

Hatari kubwa. Pembetatu hiyo iko juu kabisa, ambako mtikisiko ni mkali zaidi, na mara nyingi haijashikwa na chochote isipokuwa bati. Ndiyo huanguka mapema, na huangukia pale wanapokimbilia watoto. Ushauri wangu ni kuacha kabisa kuijenga kwa tofali: mkanda wa juu uzunguke jengo kwa usawa mmoja, na nafasi ya pembetatu ifunikwe kwa mbao au bati lililopigiliwa kwenye kenchi. Ni rahisi zaidi na ni nyepesi. Hata majengo ya zamani yanaweza kufanyiwa hivi (tazama swali la 24).

14. Tofali lipi ni bora, la kuchoma au la saruji?

Lolote lililo imara. Tofali la saruji lililofyatuliwa kwa kutoa matofali mengi mno kwenye mfuko mmoja ni dhaifu kuliko la kuchoma lililoiva. Chukua matofali kadhaa bila kuchagua, uyaangushe kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Yakivunjikavunjika, yakataliwe yote. Tofali la kuchoma likigongwa na jingine litoe mlio mkali. Liloweshwe kabla ya kujengwa, la sivyo litanyonya maji ya udongo wa saruji na kuuacha ukiwa vumbi.

15. Mchanga wa korongoni na maji ya kisima vinafaa kwa zege?

Mchanga wa makorongo yetu unafaa ukiwa safi. Jaza chupa angavu nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, uiache hadi kesho yake. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi kama sehemu moja ya kumi, mchanga uoshwe au utafutwe mwingine. Kuhusu maji, yale yenye chumvi, ambayo hupatikana sehemu za Bahi na Manyoni, hulisha nondo kutu kwa ndani na yasitumike katika zege lenye chuma.

Hatari kubwa zaidi hapa kwetu ni ukavu. Zege linaendelea kukomaa kwa siku 28, na siku 7 za mwanzo linahitaji unyevu bila kukatika. Kwa jua na upepo wa Septemba, mkanda uliomwagwa asubuhi huwa umekauka uso kabla ya jioni. Ufunikwe kwa magunia yanayoloweshwa asubuhi, mchana na jioni, au kwa nailoni. Maji hayo yaingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, yasitegemee wanafunzi kubeba ndoo.

16. Tuna eneo dogo mjini. Tunaweza kujenga ghorofa?

Mnaweza, lakini si kwa fundi wa kawaida wala kwa maelezo ya hapa. Ghorofa linahitaji vipimo vya udongo, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na msimamizi anayekuwepo wakati wote. Mhandisi aulizwe wazi kama amekokotoa nguvu za tetemeko, kwa sababu viwango vya ujenzi vya Uingereza ambavyo wengi walisomea havikuandikwa kwa ajili ya nchi zenye matetemeko. Kuongeza ghorofa juu ya jengo lililopo kusifikiriwe kabisa. Sababu iko katika swali la 2.

## Fedha, usimamizi na ratiba

17. Fedha hupatikana wapi?

Vyanzo vya kawaida ni ruzuku ya Serikali Kuu, mapato ya ndani ya halmashauri, miradi ya kitaifa ya miaka ya karibuni kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari, Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, Mfuko wa Jimbo, na nguvu za wananchi. Ombi lenye taarifa ya mhandisi (swali la 7) na picha zenye tarehe (swali la 6) husikilizwa kwa uzito tofauti na ombi la ukurasa mmoja linalosema madarasa hayatoshi.

18. Kamati yetu haina mtaalamu. Tutasimamiaje ujenzi?

Shule nyingi hujengwa kwa mafundi wa ndani chini ya utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, na kamati ndiyo inayonunua vifaa na kupokea kazi. Mamlaka hayo yatumike. Kwenye makubaliano na fundi kuandikwe hatua ambazo hawezi kuendelea bila mhandisi wa halmashauri kufika na kusaini: mtaro wa msingi kabla ya kujazwa, nondo za msingi na za kona, nondo za lenta, nondo za mkanda wa juu, na vifungo vya kenchi kabla ya bati. Malipo yafuate saini hizo.

Mhandisi mmoja wa halmashauri ana miradi mingi na pengine gari moja, kwa hiyo apewe taarifa siku kadhaa kabla. Mjumbe mmoja apige picha kila kona nondo zikiwa wazi, rula ikiwa ndani ya picha, na picha zihifadhiwe kwenye faili la shule. Fundi mzuri hatachukia. Anayesisitiza kumwaga zege jioni hiyo hiyo kabla mtu hajafika azuiwe, hata kama saruji imeshafunguliwa.

19. Ujenzi uanze lini?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Msingi ukichimbwa Julai au Agosti, kuta na paa zinaweza kukamilika kabla ya mvua. Tatizo hutokea fedha zinapochelewa hadi Oktoba na agizo likawa vyumba vikamilike kabla ya wanafunzi wa Januari. Hapo ndipo zege hunyimwa siku zake. Kamati iwe na ujasiri wa kuandika barua na kuomba muda.

20. Watoto watasomea wapi wakati wa ujenzi?

Jenga jipya kwanza, bomoa baadaye, ikiwa kiwanja kinaruhusu, na jengo jipya likae mbali na la zamani kwa umbali unaozidi urefu wa kuta zake kwenda juu. Kisipotosha, tumieni zamu za asubuhi na mchana, au majengo ya jirani yaliyokaguliwa. Kumhamishia mtoto kwenye ghala lenye kuta mbovu kuliko darasa alilotolewa hakumsaidii.

21. Tunaweza kubomoa wenyewe ili kuokoa gharama?

Jengo la shule ya serikali ni mali ya umma, na halibomolewi bila kibali cha maandishi kutoka halmashauri. Baada ya kibali, bati, mbao na milango hushushwa na kuorodheshwa. Kuta zibomolewe kutoka juu kwenda chini, tofali kwa tofali, wanafunzi wasiwepo. Ukuta mrefu usikatwe chini ili uanguke. Baadhi ya majengo ya zamani yana paa za asbestosi, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Zikionekana, kazi isimame hadi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira litoe maelekezo.

## Mazingira ya pekee

22. Tuna boma lililokwama usawa wa lenta kwa miaka mingi. Tulimalizie?

Likaguliwe kwanza. Kuta zilizokaa wazi mvua kadhaa hulegea tofali za juu, na nondo zilizochomoza hula kutu. Mistari ya juu iliyolegea ishushwe, kutu isuguliwe hadi chuma kionekane, na nondo iliyopungua unene ikatwe na kubadilishwa. Ikiwa boma lilipanda bila nondo za kona, mhandisi anaweza kupendekeza nguzo za zege zimwagwe kwenye kona baada ya kuukata mwisho wa ukuta kwa meno ili zege lishikane nao. Uamuzi wa kupaua kwanza ili diwani aone maendeleo umewafikisha wengi pabaya.

23. Upepo huezua mapaa yetu kila mwaka. Je, hilo lina uhusiano na tetemeko?

Ndiyo, tiba inaingiliana. Kenchi iliyofungwa kwa chuma kilichozamishwa ndani ya mkanda wa juu haing'olewi na upepo kirahisi, na wakati wa tetemeko husaidia kuzuia kuta zisiachane. Katika kikao ambacho wajumbe hawaoni haja ya kuzungumzia tetemeko, hoja ya upepo inaeleweka haraka, na nondo ni zile zile.

24. Fedha za jengo jipya bado. Tufanye nini mwaka huu?

Chumba ambacho mhandisi amekiona hakifai kifungwe kwa kufuli, hata kama darasa litahamia chini ya mti. Hakuna zoezi la tahadhari linaloweza kufidia kuta za chumba hicho. Katika vyumba vinavyoendelea kutumika, shusheni pembetatu za matofali na kuziba kwa bati, ondoeni mawe yaliyowekwa juu ya paa kuzuia upepo, fungeni kabati ukutani, na milango ifunguke kwenda nje bila kizuizi. Madawati yasogezwe mbali na ukuta wa mwisho.

Wanafunzi wafundishwe kuingia chini ya dawati, kufunika kichwa na kushika mguu wa dawati hadi mtikisiko uishe, kisha kutoka kwa mstari kwenda uwanjani wakipita mbali na kuta. Wasirudi ndani kuchukua mikoba, kwa sababu mitikisiko midogo ya baadaye hukamilisha kuangusha kilichokwisha kulegea. Kila mwalimu atoke na daftari la mahudhurio la darasa lake, aite majina pale uwanjani, na mwalimu wa zamu apokee hesabu ya kila darasa kabla ya mtoto yeyote kuruhusiwa kuondoka na mzazi wake.